Mchujo

Kibandani Awendo, Migori, muuza chai anainamisha sufuria juu ya chujio: chai inapita, majani yanabaki. Ndiko lilikotoka neno mchujo. Homa Bay, neno hilo husikika zaidi msimu wa siasa, vyama vikipiga kura za mchujo.

Michezoni, klabu ya soka ya Sony Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya 2006, walicheza ligi ya kulimbikiza pointi, bila mchujo. Lakini NASCAR, mbio za magari za Marekani, kuanzia 2014 hadi 2025 ilichuja madereva 16 hadi 4, kisha mbio moja ikaamua. Aliyeng'ara tangu Februari angepasukiwa tairi Novemba, basi! Chujio gani hilo linalomwaga chai?

Msimu wa 2026 NASCAR imeacha kuwachuja madereva hao 16 hatua kwa hatua. Bingwa ni mwenye pointi nyingi zaidi baada ya mbio 10 za mwisho.