Saa za Ndege Ndogo
Vitabu husifu ujasiri wa marubani wa kwanza wa Afrika Mashariki. Mimi nasifu saa walizoruka. Hapa Ntinda mawingu ya Ziwa Viktoria hufunga anga kufumba na kufumbua. Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth: ndege ya mbao na kitambaa, isiyo na paa. Mvua ilimpiga rubani usoni! Kwenye nyanda za juu kama zetu hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hushindwa kuinua mzigo vizuri, hewa ya moto ikipanda huiyumbisha ndege, kisha alasiri huja radi. Alfajiri ndiyo iliyofaa, mradi ukungu umeondoka.