Bologna 1881: Kongamano Lililozipa Ramani Rangi

Ndugu wasikilizaji, zama hizi za semina, warsha na makongamano, wananchi wengi wamekwisha kuamini kwamba mkutano wa wataalamu ni posho, chai ya saa nne na picha ya pamoja mlangoni. Baada ya hapo kila mtu hurudi kwake na begi lenye makaratasi yasiyosomwa. Dhana hiyo haikuzuka bure. Lakini si haki kuyahukumu makongamano yote kwa kosa la baadhi yake, na katika mazungumzo ya wiki hii napenda tulitazame moja ambalo kazi yake bado ipo mezani petu.

Mtu akiitazama leo chati ya kimataifa ya umri wa miamba, ataona kipindi cha Triasi kimepakwa zambarau, kipindi cha Jurasi buluu, na kipindi cha Kretasi kijani. Rangi hizi hazikutokana na miamba yenyewe. Jiwe la kipindi cha Jurasi laweza kuwa jeupe, jeusi au jekundu. Rangi hizi zilichaguliwa na watu waliokaa pamoja, wakabishana, kisha wakapiga kura. Walifanya hivyo mwishoni mwa Septemba 1881, katika mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia.

Kwa nini Bologna? Kwa desturi, chuo kikuu cha mji huo huhesabiwa kuwa kimeanza mwaka 1088, na ndicho hutajwa kuwa kikongwe kuliko vyote katika Ulaya. Mji wenyewe ni wa matofali mekundu, minara mirefu na mabaraza yaliyoezekwa kando ya njia, hata mtu huweza kutembea mwendo mrefu bila kunyeshewa mvua. Tena katika mji huohuo alikaa Ulisse Aldrovandi, mwalimu wa elimu ya viumbe na mkusanyaji mkubwa wa mimea, wanyama na mawe. Katika wasia wake wa mwaka 1603, Aldrovandi aliitaja elimu ya vitu vinavyochimbuliwa ardhini kwa neno ambalo sisi leo tunalitamka jiolojia. Kwa hiyo wanajiolojia walipokwenda Bologna, walikuwa wakienda mahali ambapo jina la kazi yao liliandikwa.

Mwenyeji wao alikuwa Profesa Giovanni Capellini, mzaliwa wa La Spezia, aliyekuwa akifundisha jiolojia chuoni hapo. Rais wa heshima wa mkutano alikuwa Quintino Sella, mtaalamu wa madini ambaye alipata pia kuwa Waziri wa Fedha wa Italia. Nchi yao ilikuwa changa. Ufalme wa Italia iliyoungana ulitangazwa mwaka 1861 tu. Taifa changa lilihitaji kujua kilichomo ardhini mwake, na kujua huko kulihitaji ramani.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Kabla ya wakati huo kila idara ya serikali, na pengine kila mtaalamu, alipaka ramani yake kama alivyopenda. Rangi iliyokuwa na maana ya makaa ya mawe huku, ilikuwa na maana ya chokaa kule. Ukiziweka ramani za nchi mbili jirani pamoja, tabaka moja la mwamba lilionekana kubadilika ghafla pale mpakani, kana kwamba ardhi nayo ilikuwa na pasipoti.

Majina nayo yalileta ugomvi. Mwaka 1835 Waingereza wawili, Adam Sedgwick na Roderick Murchison, waliyapa majina matabaka ya kale ya Wales: mmoja akayaita yake Kambria, mwingine Siluria. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu ya juu ya mmoja ndiyo sehemu ya chini ya mwenzake. Urafiki wao ukavunjika, na wote wawili wakafariki, Murchison mwaka 1871 na Sedgwick mwaka 1873, bila shauri hilo kumalizika. Mwaka 1879 Charles Lapworth akashauri matabaka yanayogombewa yapewe jina la tatu, yaani Ordovisi.

Ili kuondoa vurugu za namna hii, mwaka 1876 wataalamu waliokutana Buffalo, Marekani, waliunda kamati ya kuandaa kongamano la mataifa. Kongamano la kwanza likafanyika Paris mwaka 1878. Paris hawakuamua mengi. Waliunda kamati, wakazipa kazi, wakaagana hadi baada ya miaka mitatu. Msikilizaji alishike jambo hili: waliokutana Bologna hawakuja kuanza kufikiri. Walikuja na taarifa za kamati mikononi.

Basi wakaamua nini? Kwanza, walipanga ngazi za maneno. Walikubaliana kwamba matabaka ya miamba yenyewe yawe na ngazi zake za majina, na muda ambao matabaka hayo yalijengeka uwe na ngazi zake mbali, ili mtu asichanganye jiwe na wakati. Pili, walikubaliana juu ya kanuni za kuvipa majina visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Tatu, walichagua rangi: waridi kwa miamba ya kale kabisa yenye chembe za fuwele, zambarau kwa Triasi, buluu kwa Jurasi, kijani kwa Kretasi, na manjano kwa matabaka yaliyofuata. Wakaongeza kwamba katika rangi moja, iliyokoza iwe ya matabaka ya zamani zaidi, na iliyofifia iwe ya yale ya karibu. Nne, waliagiza ichorwe ramani moja ya miamba ya Ulaya nzima. Kazi hiyo ilipelekwa Berlin, ikatoka katika karatasi 49, ikakamilika mwaka 1913.

Yako pia waliyoyaacha. Rangi za matabaka ya kale yaliyo chini ya Triasi hazikumalizwa. Zilirudishwa kwenye kamati. Na lile jina la Ordovisi lilisubiri hadi kongamano la Copenhagen la mwaka 1960 ndipo likakubaliwa rasmi. Miaka 81 kwa neno moja! Haraka haraka haina baraka, lakini hapa wataalamu waliitii methali hiyo kupita kiasi.

Wapo waliokosoa. Mwaka 1887 Mmarekani Grove Karl Gilbert alihoji kama kongamano lina haki ya kuamua mambo ya elimu kwa kura. Swali lake lilikuwa zito. Watu hawawezi kupiga kura kwamba mwamba fulani ni wa kale kuliko mwingine. Hilo lazima likatafutwe porini kwa miguu. Wanaloweza kulipigia kura ni jina la kuuita na rangi ya kuupaka. Wito wa kongamano lenyewe, uliotokana na mkutano wa Bologna, ni maneno ya Kilatini yenye maana ya “kwa akili na kwa nyundo”. Nyundo ya mwanajiolojia haibishaniwi kwa mikono iliyoinuliwa.

Baada ya Bologna zamu ilikuwa ya Berlin. Mkutano ulipangwa mwaka 1884, lakini kwa hofu ya kipindupindu ukaahirishwa hadi vuli ya mwaka 1885. Sisi Waafrika tunaujua mji huo kwa mkutano mwingine, ulioanza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yalipatana juu ya masharti ya kuligawana bara letu. Mji mmoja, mwaka mmoja, na mezani ramani na rangi. Hawa walipaka rangi kwa umri wa mawe. Wale walipaka kwa bendera. Na katika mikutano yote miwili hapakuwa na Mwafrika wa kuulizwa.

Tazama basi matokeo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka mlango wa mto Umba, wakazitenga Tanga na Mombasa. Lakini matabaka ya miamba ya Karoo yaliyoko Tanga hayakusikia habari hiyo. Yanaendelea chini ya mpaka hadi nchi ya Waduruma, nyuma ya Mombasa. Kwenye ramani ya miamba ni ukanda mmoja. Kwenye ramani ya bendera ni nchi mbili. Rangi ya Mwingereza na rangi ya Mjerumani zimefutika. Buluu ya Jurasi ingali buluu.

Kongamano la wanajiolojia limeendelea kuhama mji hadi mji. Katika Afrika limefanyika mara tatu: Pretoria mwaka 1929, Algiers mwaka 1952, na Cape Town mwaka 2016. Mawili ya kwanza yalifanyika wenyeji wakiwa bado wanatawaliwa.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mkisikia mtaalamu wetu amesafiri kwenda kongamanoni, msikimbilie kuuliza amelipwa posho kiasi gani. Mwulizeni alikwenda na taarifa gani mkononi, kitu gani kilikubaliwa, na kama alikuwepo wakati wa kupiga kura. Waliokuwepo Bologna ndio waliochagua rangi. Sisi wengine tumezikuta, tunazitumia, na hatukuulizwa.