Kufuli la Kila Mpangaji: Historia ya Seva za Pamoja

Seva ya pamoja ni kompyuta moja inayobeba tovuti za wateja wengi wanaochangia gharama, na mkazi wa Kinyerezi huielewa upesi akiifikiria nyumba ya kupanga ya vyumba sita, yenye korido moja, choo kimoja uani na mita moja ya LUKU, ila kila mpangaji ana kufuli lake. Kwa miaka mingi, kilichokosekana katika seva hizo ni kufuli hilo.

Mwaka 1993 kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilitoa CGI, utaratibu ambao seva huanzisha programu mpya kila ombi linapoingia na kuizima jibu likishatoka. Utaratibu huo ulikuwa mzito, hivyo lugha ya PHP, aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilipoenea, injini yake, yaani programu inayosoma skripti na kuitekeleza, ilipachikwa ndani ya seva ya Apache yenyewe. Kasi ilipatikana, lakini skripti za wateja wote zikawa zinaendeshwa kwa jina la mtumiaji mmoja. Faili lolote ambalo seva iliruhusiwa kulisoma, skripti ya jirani nayo iliweza kulisoma, hata lile lenye nenosiri la hifadhidata.

Hatari hiyo iliwaelemea zaidi wenye uwezo mdogo. Duka au shule ya Dar es Salaam isiyomudu seva yake, hasa kabla kebo ya SEACOM haijafika jijini mwaka 2009, mawasiliano ya nje yakitegemea setilaiti za bei kubwa, ilikodi nafasi, mara nyingi ng'ambo, bila kuwajua majirani zake.

Dawa ilijulikana mapema. FastCGI ya mwaka 1996 iliiacha injini hai kati ya ombi na ombi, na suEXEC ya mwaka 1997 iliendesha programu za CGI kwa jina la mwenye tovuti. Lakini injini ya peke yake kwa kila mteja hula kumbukumbu ya kompyuta hata isipokuwa na kazi, na kumbukumbu ilikuwa ghali. Ndipo PHP ikapewa "hali salama", iliyokagua mwenye faili kabla ya kulifungua, ulinzi ambao waandishi wake wenyewe walikiri kwamba haukuwekwa mahali pake, na ambao uliondolewa mwaka 2012.

Suluhisho lililodumu ni FPM, kazi ya Andrei Nigmatullin, iliyoingizwa rasmi katika PHP mwaka 2010. Kila mteja huandikiwa kundi lake la injini, mistari michache ikitaja jina la mtumiaji, njia ya kupokelea maombi na idadi ya juu ya injini, tuseme 5, ili tovuti moja isizimalize nguvu za wote. Msimamizi akichagua injini ziwashwe kwa mahitaji tu, tovuti ya duka ikikaa kimya kwa sekunde 10, muda wa kawaida usipobadilishwa, injini yake huzimika na kumbukumbu hurudi kwa wote. Ombi la kwanza la asubuhi huiwasha tena, kwa jina la mwenye duka.