"Kwenu ni Wapi?" Swali Dogo, Historia Ndefu

Wasee, kuna neno moja limenisumbua tangu nifike miaka 18. Nilienda kutafuta kitambulisho, karani akaniuliza, "Kwenu ni wapi?" Nikamwambia Riruta. Akacheka. "Hapo ni pahali unakaa. Nauliza kwenu kwenyewe."

Mimi nimezaliwa Riruta. Sasa kwetu ni wapi?

Hebu tuliangalie hilo neno. Kiswahili kina ngeli ya mahali, na iko na sehemu tatu: pa, ku na mu. Nyumbani pangu ni mahali penyewe, unapaonyesha kwa kidole. Nyumbani mwangu ni ndani. Nyumbani kwangu ni eneo zima, halina mpaka. Sisi wa Nairobi tumetupa karibu zote. Hata -ni tumeiacha: badala ya "dukani" tunasema "kwa duka". Lakini "kwetu" na "kwenu" zimebaki, na hiyo "kwenu" ndiyo mtu hutumia kukuambia kuwa mji si wako.

Waulize Wanubi wa Kibera. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan kwa jeshi la Mwingereza, King's African Rifles. Karibu mwaka wa 1904 wakaanza kukaa pale, na wakapaita kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mkoloni hakuwapa hati ya hiyo ardhi. Uhuru ukaja 1963, na bado vijana wao walikuwa wakiitwa mbele ya kamati kuhojiwa kabla ya kupata kitambulisho. Wajukuu wa watu waliofyeka huo msitu, wanaulizwa kwao ni wapi! Hati ya jamii, ekari 288, ilikuja 2017. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Kwa hiyo Kibera kuna kijiji kinaitwa Mashimoni. Ni mashimo, halafu -ni. Watu walikuta mashimo, wakajenga, pakawa mtaa wenye jina. Hawakungoja karani awaongezee hiyo -ni.

Ushago kwa babu napapenda, na nikienda nakaribishwa vizuri. Lakini siku hizi nikiulizwa, najibu "Kwetu ni Riruta" na nanyamaza. Karani akitaka kucheka, acheke.

Na wewe uliyezaliwa Kawangware ama Kibera, huwa unajibu aje?