Mshahara wa Mwezi na Ujira wa Siku

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la historia leo laanzia Kiwalani, karibu na viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi yaitwa Barabara ya Nyerere. Mtu amefanya kazi kiwandani miaka mitatu kwa mshahara wa mwezi. Asubuhi moja msimamizi amwambia, "Tangu leo utalipwa kwa siku." Kazi ni ile ile, mashine ni ile ile. Je, kumebadilika nini? Wengine husema, fedha ni fedha. Hebu tutazame.

Twende kwanza bandarini Dar es Salaam, miaka ya 1930. Makuli walingoja kazi tangu alfajiri. Aliyechaguliwa alifanya kazi, na jioni akalipwa. Asiyechaguliwa alirudi kwa mkewe mikono mitupu. Huyo ndiye kibarua. Akikosa kazi kesho, tajiri hakuona deni lo lote juu yake, maana hesabu yao ilikwisha jana jioni. Makuli hao waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, 1947 na 1950. Mgomo wa 1947 ulitoka bandarini ukaenea mjini, hata ukafuata reli kwenda bara.

Katika mashamba ya mkonge kulikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30. Siku ya kazi isiyomalizika haikutiwa alama. Basi mwezi wa mtu wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda! Wazee wetu walijua vema kwamba njia ya kulipwa ndiyo huonyesha wewe ni nani kazini.

Baada ya Uhuru sheria zilifuatana: ya kiinua mgongo mwaka 1962, na ya Akiba ya Wafanyakazi mwaka 1964. Akiba hiyo ndiyo iliyozaa NSSF mwaka 1997. Mwaka 2018 likaja fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi, akiachishwa kazi, hupata theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Mwenye shilingi 300,000 hupata kama 100,000 kila mwezi. Ujira ukishuka, theluthi nayo hushuka. Na mwajiri akiacha kupeleka michango kwa kuwa "huyu sasa ni kibarua", miezi yako haiongezeki.

Jihadhari hapa, ndugu yangu. Fao hili hapewi aliyeacha kazi kwa hiari yake. Yule wa Kiwalani akikasirika, akatupa ovaroli na kwenda zake, ataambiwa ameacha mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2004 yasema masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Yasema pia kwamba mtu aliyeondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, huyo ameachishwa. Lakini ni lazima athibitishe. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Kwa hiyo tunzeni karatasi za mshahara, hata zilizochakaa, na ulizeni NSSF kama michango yenu imefika.

Sasa andikeni maneno haya mara tatu: kibarua, kipande, mchango, fao. Kisha mwulize mzee mmoja mtaani kwako alilipwaje zamani, ukaandike jibu lake kwa mistari mitano.