Sanamu ya kutishia ndege: Inavyotengenezwa kwa dumu, mitumba na CD mbovu

Mtama ukishaanza kuingia maziwa, mkulima wa Musoma, Bunda au Butiama anajua vita imeanza. Ndege wanaamka kabla yake, na shamba lisilo na mtu asubuhi hiyo linaweza kubaki na masuke matupu.

Adui mkubwa ni kwelea kwelea, ndege mdogo mwenye uzito usiozidi sana gramu 20. Mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Inaonekana ni kidogo, lakini hawa hawatembei wawili watatu. Kundi la ndege milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kwa siku moja tu.

Kuamia ndege, yaani kushinda shambani kuwafukuza, mara nyingi huangukia watoto. Mtoto anapewa kombeo na debe la kupiga kelele, halafu kipindi cha kwanza darasani kinampita. Hapo ndipo sanamu inaposaidia. Haimalizi kazi yote, ila inapunguza idadi ya watu wanaohitajika shambani.

Habari njema ni kwamba haihitaji hela. Karibu kila kitu kinapatikana nyuma ya nyumba au kwa fundi baiskeli.

Vifaa vinavyohitajika

• Mti ulionyooka wa mita 2 na nusu, na fito ya mita 1 na robo kwa ajili ya mikono
• Dumu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula, kwa ajili ya kichwa
• Shati, suruali au gauni chakavu
• Mabua ya mahindi au nyasi kavu za kujazia
• Tyubu ya baiskeli iliyochoka, ikatwe vipande virefu vya kufungia
• CD mbovu, kanda za kaseti, makopo ya soda na vizibo vya chupa

Hatua kwa hatua

1. Mifupa. Mti unachimbiwa chini nusu mita ili upepo usiuangushe. Fito ya mikono inafungwa kwa tyubu, lakini isikazwe sana. Ikiachwa na nafasi kidogo, mikono itacheza upepo ukivuma. Sanamu isiyotikisika inageuka haraka kuwa kituo cha ndege kupumzikia.

2. Mwili. Nguo inavalishwa kwenye fito, inajazwa mabua na kufungwa chini. Isijazwe ikawa ngumu kama gunia la mkaa, maana kitambaa kinachopepea ndicho kinachoshtua. Wengi wanasahau jambo moja: sanamu ivae nguo zinazofanana na za yule anayefukuza ndege kila siku. Ndege akishahusisha shati jekundu na kombeo, ataliogopa hata likiwa limevaa mti.

3. Kichwa. Dumu linageuzwa, mdomo chini, na kuchomekwa kwenye ncha ya mti. Macho yawe makubwa na yaonekane kwa mbali. Vizibo vinavyong'aa au CD mbili vinatosha.

4. Mwanga na sauti. CD zinaning'inizwa mikononi kwa uzi ili zizunguke na kurusha mwanga wa jua. Makopo matatu manne yanafungwa pamoja ili yagongane. Kanda ya kaseti ikivutwa kutoka mti hadi mti juu ya mtama, inametameta na kuvuma upepo ukipita.

Tatizo la asubuhi

Kwelea kwelea hula sana asubuhi na jioni, na joto la mchana hupumzika kwenye vivuli. Kwa mashamba ya kandokando ya Ziwa Victoria hapo pana mtego. Upepo wa ziwani huvuma zaidi mchana, jua likishapasha ardhi. Maana yake sanamu inaweza kucheza vizuri wakati ndege wamelala, halafu ikasimama kimya wakati wanakula.

Dawa yake ni kamba. Sanamu kadhaa zinaunganishwa kwa kamba moja ndefu inayofika kwenye kivuli au dungu. Mtu mmoja akiivuta, zote zinatikisika na makopo yanalia. Kazi hiyo hata mzee wa nyumbani anaiweza akiwa amekaa, na mtoto akawahi shule.

Isikae sehemu moja

Ndege si wajinga. Sanamu ikikaa palepale siku kadhaa bila madhara, wanaizoea. Inashauriwa ihamishwe kila baada ya siku mbili au tatu, ibadilishwe nguo, na siku nyingine mtu mwenyewe asimame pale pale ilipokuwa.

Pia isiwekwe mapema mno. Muda mzuri ni muda mfupi kabla punje hazijaingia maziwa. Ikitangulia mwezi mzima, ndege watakuwa wameshaizoea mavuno yakikaribia.

Vya kuepuka

Vyombo vilivyobeba dawa za kuulia wadudu visitumike kabisa, hata vikioshwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nayo iachwe. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na ikipeperushwa huishia ziwani au tumboni mwa ng'ombe. Nyavu chakavu za uvuvi nazo hunasa hata ndege wasio na kosa, wakiwamo wanaokula wadudu.

Sanamu inapofika mwisho

Kundi kubwa likitua, hakuna dumu wala shati litakalolizuia. Hapo taarifa ipelekwe haraka kwa ofisa ugani au mtendaji wa kijiji ili iwafikie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), inayosimamia unyunyiziaji wa sumu kwenye mazalia na malalo yao. Ndege waliokufa kwa sumu hiyo wasiliwe.

Kwa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti kuna mgeni mwingine: tembo. Huyu huja zaidi usiku na sanamu haimbabaishi. Zinazotumika ni uzio wa kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, au mizinga ya nyuki inayotundikwa kila baada ya mita 10, mbinu iliyofanyiwa utafiti nchini Kenya. Tembo anaogopa nyuki kweli kweli.

Mazao yakiliwa na tembo, mkulima aripoti kijijini mapema kabla ushahidi haujafutika. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali. Kwelea kwelea hawamo, hivyo kwa mtama ulioliwa na ndege ulinzi wa shambani ndiyo bima pekee.