Ugonjwa wa Neva za Pembeni

Ugonjwa wa neva za pembeni ni kuharibika kwa neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo: zile zinazopeleka amri kwenye misuli na kurudisha habari za joto, maumivu na mguso. Watu wengi huuita ganzi tu. Si ugonjwa mmoja bali ni zao la magonjwa mengi, na kila zama ina chanzo chake kinachotawala. Kigamboni, wilaya ya pwani ya Dar es Salaam, imo katika historia hiyo pamoja na jiji zima.

Kwa kawaida dalili huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, kwa kuwa neva ndefu ndizo huumia kwanza. Mgonjwa husema nyayo zinawaka moto, zinachomachoma, au anahisi kama anakanyaga pamba. Usiku mambo huzidi, hata shuka likimgusa anaruka. Miezi au miaka ikipita, ganzi hupanda kuelekea magotini, kisha vidole vya mikono navyo huanza. Ipo dalili moja ambayo nyumbani huchekwa kabla haijaeleweka: kandambili humvuka mtu njiani, naye akaendelea kutembea bila habari.

Maumivu ndiyo yanayompeleka mtu hospitali, lakini kinachomlemaza ni kutohisi. Mvuvi anayepita peku juu ya matumbawe maji yakipwa, akakatwa wayo asisikie, hatausafisha wala hataupumzisha mguu huo. Kidonda hukutwa kimeshaoza.

Ukoma ndio uliowafundisha watu wa pwani jambo hilo mapema. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda neva zilizo karibu na ngozi, kama ile ya kiwiko. Vidole vya wagonjwa havidondoki kwa sababu ya bakteria, kama wengi wanavyoamini. Huliwa na majeraha na kuungua kusikohisiwa. Kigamboni yenyewe ina makazi ya Nunge, yaliyowahifadhi watu walioathirika na ukoma. Tanzania ilifikia mwaka 2006 lengo la Shirika la Afya Duniani la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000, na dawa zake, za miezi 6 au 12, hutolewa bure. Bado wagonjwa wapya hupatikana, hivyo baka la ngozi lisilohisi mguso halipaswi kupuuzwa.

Kuanzia mwaka 1988 jiji lilipata kisa cha ajabu zaidi. Vijana wa Dar es Salaam walianza kupoteza uwezo wa kuona kwa macho yote mawili, na baadhi yao walikuwa pia na ganzi au moto wa miguu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 na 1998 ulieleza ugonjwa huo, lakini chanzo hakikuthibitishwa. Lishe duni ilishukiwa. Kuba ilikumbwa na mlipuko unaofanana na huo mwaka 1992 na 1993, watu zaidi ya 50,000, na huko serikali iligawa vitamini kwa wananchi.

Kisha ukaja Ukimwi. Virusi vyenyewe huumiza neva, na stavudini, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi zilizotumika sana miaka ya mwanzo, iliongeza ganzi hadi Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo huvuruga matumizi ya vitamini B6 mwilini, ndiyo maana mgonjwa hupewa piridoksini pamoja nayo.

Sasa zamu ni ya kisukari. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2005 taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Hawakuamka, kwa kuwa hawakuhisi. Sijui hoja nzito kuliko hiyo ya kuufanya mguu wa mgonjwa wa kisukari ukaguliwe kila anapohudhuria kliniki.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10 hugusishwa wayoni huku mgonjwa amefumba macho. Chuma kinachotetemeka huwekwa juu ya kidole gumba cha mguu. Kano ya kisigino hugongwa kwa nyundo ya mpira. Daktari huuliza pia kuhusu gongo na pombe nyingine, dawa zinazotumika na chakula, kisha damu hupimwa sukari, VVU, figo na vitamini B12, ambayo hupungua kwa baadhi ya wanaotumia metfomini miaka mingi. Kipimo cha umeme wa neva hufanyika hospitali kubwa, na wengi hawakihitaji. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache ni jambo jingine: huo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, kwani unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia.

Tiba hufuata chanzo. Kwa maumivu, amitriptilini kidogo wakati wa kulala husaidia na bei yake si kubwa; zipo pia gabapentini na pregabalini. Parasetamoli haifui dafu. Fedha nyingi hupotelea kwenye sindano na vidonge vya vitamini B vinavyonunuliwa dukani bila kipimo: vinamfaa aliyepungukiwa tu, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva.

Mwenye ganzi asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Apime joto la maji kwa kiwiko kabla ya kutumbukiza mguu, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo. Macho yakiwa hayaoni vizuri, amwombe mjukuu amtazamie.